Kayumba ipi ni nzuri? Acheni kuniuliza imeshika namba ngapi

Kuna dada wa Chanika, hapa Dar, kaniandikia inboksi, naiweka hapa kwa ruhusa yake maana najua mpo wengi wenye swali hilo hilo: "Kaka habari za kazi, samahani kukusumbua. Mwanangu yupo English medium darasa la nne, ada imenishinda kusema ukweli, mwakani nampeleka kayumba, shule ya serikali. Zamani tulikuwa tunaangalia shule imeshika nafasi ya ngapi, siku hizi NECTA hawatangazi tena shule bora, sasa sisi tutajuaje? Wewe uliwahi kuwa kwenye kamati, niambie ipi nzuri huku kwetu."

Dada yangu, kwanza usione aibu kumtoa mtoto inglishi midiamu. Pili nitakujibu ila jibu ni refu, chukua maji.

Ni kweli, Januari 2023 Baraza la Mitihani, ndo hao NECTA, wakati linatoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022 lilisema halitangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi bora, kwa maelezo kwamba haina tija na shule hazilingani mazingira. Watu walilalamika sana mtandaoni, mimi nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu najua nafasi ya shule inavyoweza kumtoa mtu roho, niliiona kwa macho yangu huku Mbagala.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, shule ya serikali, siitaji jina. Shule zetu za huku mnazijua, watoto wanaingia kwa zamu, asubuhi kundi moja, mchana jingine, darasa ambalo kitaifa linatakiwa liwe na watoto 45 sisi tunalijaza mpaka mwalimu anafundishia mlangoni. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto waliongezeka, jambo zuri kabisa, ila matofali hayakuongezeka kwa spidi ile ile. Sasa kuna mwaka matokeo ya darasa la saba yanatoka, tunaitwa mkutano wa wazazi, kiongozi mmoja wa elimu kaja na karatasi yake anatusomea kwamba shule yetu ni ya mwisho kwenye kata. Ya mwisho! Wazazi wakalipuka. Mama mmoja akasema mwalimu mkuu aondoke kesho. Baba mmoja ambaye sijawahi kumuona shuleni hata siku moja akahutubia karibu nusu saa kuhusu uwajibikaji. Mwalimu mkuu ameinama tu anachezea kalamu.

Mimi nikanyoosha mkono nikaomba ile karatasi. Nikauliza maswali mawili tu. Hii shule jirani mnayosema ya kwanza, waliosajiliwa wangapi na waliofanya mtihani wangapi? Na huku kwetu hisabati ya darasa la saba, mikondo yote, inafundishwa na walimu wangapi? Kimya. Jibu la swali la pili tulilijua wote, mwalimu ni mmoja, na mwaka ule alikuwa likizo ya uzazi muhula mzima. Jibu la swali la kwanza nilikuwa nalo kwenye simu maana nilishachungulia tovuti ya NECTA usiku wake: wenzetu walisajili watoto wengi na wakafanya wachache, sisi walifanya karibu wote, pamoja na wale ambao tunajua hawajui kusoma vizuri.

Unajua nilijibiwa nini? "Wewe ni mjumbe wa kamati au mdhibiti ubora?" Yaani mkaguzi wa shule. Watu wakacheka. Basi likaisha hivyo. Mwalimu mkuu akavuliwa madaraka miezi michache baadaye, akapelekwa shule nyingine akawa mwalimu wa kawaida. Mpaka leo kicheko kile nakisikia, sitadanganya.

Ndo maana nikikuta watu wanadai NECTA warudishe kumi bora nashindwa kukaa kimya. Hii kitu tulishaijaribu nchi nzima! Wakati wa ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia 2013, shule zilipangwa kwa nafasi kitaifa na kiwilaya, zikapakwa na rangi, kijani kwa zinazofanya vizuri, njano za kati, nyekundu kwa wale wa mkiani. Nchi ilikuwa bado na jeraha la kidato cha nne 2012, asilimia kama 60 walipata divisheni sifuri mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Sasa watafiti walifuatilia ule upangaji wa nafasi kwa shule za msingi wakakuta mambo mawili kwa pamoja: shule zilizokuwa mkiani kwenye wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli, na idadi ya watoto waliokaa kwenye mtihani ikapungua. Soma tena hapo. Presha ilifanya kazi kidogo, na kuna watoto waliachwa nje ya mlango ili hesabu ipendeze. Na hao wanaoachwa siyo mtoto wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ni mtoto wa mama ntilie.

Presha ikizidi kabisa watu wanaiba mtihani. Mwaka 2018 matokeo ya darasa la saba yalifutwa kwa halmashauri nzima ya Chemba kule Dodoma, na kuna shule za hapa hapa Dar nazo zilifutiwa, watoto wakarudia mtihani. Mtoto wa miaka 13 anarudia pepa kwa kosa la mtu mzima.

Wala siyo sisi tu. Uingereza wakaguzi wao walikuwa wanaipa shule nzima neno moja, bora sana au haitoshi, mpaka mwalimu mkuu mmoja alipojiua Januari 2023 baada ya ukaguzi wa shule yake, na Septemba 2024 wakaliondoa lile neno kwa shule za serikali. Kule Marekani jimbo la Florida linazipa shule herufi A mpaka F tangu 1999 na ubishi haujaisha. Kwa hiyo tusidhani kuna nchi ina fomula.

Haya dada wa Chanika, turudi kwako. Fanya hivi. Fungua tovuti ya NECTA, matokeo ya darasa la saba, mkoa Dar es Salaam, chagua halmashauri, chagua shule. Angalia kwanza waliosajiliwa na waliofanya. Tofauti ikiwa kubwa jiulize wale watoto wameenda wapi. Halafu shuka kwenye gredi. Darasa la saba masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300, na aliyefaulu ni wa A mpaka C. Usiangalie A tu, hesabu D na E, kwa sababu mwanao akiyumba kidogo huko ndo atakapoangukia, na wewe unataka shule inayomshika mtoto anayeyumba. Halafu kuna jedwali la kila somo. Hapo ndo penyewe. Shule ikiwa Kiswahili iko juu na hisabati iko chini kabisa, mara nyingi ujue hakuna mwalimu wa hisabati, na hilo siyo suala la mwalimu mkuu kuwa mvivu.

Halafu fanya hivyo hivyo kwa mwaka wa nyuma, na wa nyuma yake. Mwaka mmoja unadanganya. Narudia, mwaka mmoja unadanganya.

Na mkifika sekondari msidanganyike na mabango ya "ufaulu asilimia 100". Kidato cha nne pointi zinahesabiwa masomo saba bora, A ni 1, F ni 5, na divisheni four, ya mwisho ya kufaulu, inaanzia pointi 26 mpaka 33. Sasa piga hesabu: mtoto mwenye D mbili na F tano anapata 8 jumlisha 25, ni 33, kapata four, kahesabiwa kafaulu! Shule inaweza kuwa na asilimia 100 na karibu watoto wote wasipate nafasi ya kidato cha tano. Uliza wamepata wangapi one mpaka three, basi, usiulize kingine.

Baada ya hapo nenda shuleni. Nenda kwa miguu yako, siku ya kazi, bila kutangaza. Angalia kama walimu wapo madarasani, angalia matundu ya vyoo, angalia daftari la mtoto wa darasa la tano kama limesahihishwa. Angalia ubao wa matangazo kama ruzuku imebandikwa, ile pesa ya serikali inayokwenda shuleni kwa idadi ya watoto, maana shule isiyobandika pesa hata matokeo itakuficha. Uliza wadhibiti ubora walipita lini na ripoti yao ilisema nini, kwa sababu wale wanaangalia ufundishaji, uongozi, mazingira, vitu ambavyo karatasi ya NECTA haina. Wazazi wengi hawajui hata kama hiyo ripoti ipo. Nenda shuleni jamani! Mnajua msimamo wa ligi kuliko jina la mwalimu wa darasa la mtoto wenu.

Na mkiwajibisha, wajibisheni kila mtu kwa mzigo wake. Walimu wanapangwa na TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, pamoja na halmashauri, siyo mwalimu mkuu. Madarasa ni halmashauri na diwani wenu. Mwalimu mkuu mwulizeni mahudhurio, daftari, nidhamu na pesa iliyomfikia. Sisi wazazi tujiulize chakula cha mchana, maana tunagoma kuchangia uji halafu tunataka A ya hisabati saa nane mchana na mtoto ana njaa tangu asubuhi. Mtanichukia kwa hili ila nishazoea.

Maana baada ya kile kicheko sikuacha. Niliandika barua, kamati ikaipitisha kwa kusuasua, tukaomba walimu wa hisabati, tukaambatanisha lile jedwali la masomo kutoka NECTA kama ushahidi badala ya kulia lia. Tukafuatilia, tukazungushwa, tukafuatilia tena. Wakaletwa walimu wawili. Matokeo ya mwaka jana hisabati imepanda mpaka watu wamepigwa butwaa, na D zimepungua, na waliofanya mtihani ni karibu wote waliosajiliwa, hiyo ndo najivunia kuliko zote. Kwenye kikao cha pongezi wakasimamishwa watu wakapigiwa makofi, akasimamishwa na yule baba wa hotuba ya uwajibikaji. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na soda yangu, hakuna aliyetaja barua. Sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

Basi juzi dada kanirudia, kasema kaenda shule mbili, moja wamempokea vizuri wakamwonyesha kila kitu, nyingine kaambiwa taarifa za matokeo na ruzuku "ni za ofisi, andika barua". Andika, dada. Ielekeze kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kupitia kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata, ukurasa mmoja tu, jitambulishe kama mzazi unayetaka kuhamishia mtoto, uliza waliosajiliwa na waliofanya kwa miaka mitatu, walimu wangapi wa hisabati na Kiingereza, na ripoti ya mwisho ya udhibiti ubora. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri, mpeleke mtoto ile shule iliyokupokea vizuri.