Barua kwa mwanangu: insha yako ya watumwa wa mikarafuu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unasema mwalimu wenu ametaka insha ya hoja juu ya maisha ya watumwa mashambani, nawe umejaza ukurasa mzima kwamba utumwa ulikuwa unyama, kisha ukakwama. Na unaniuliza kama ni kweli, wanavyodai baadhi ya wenzako, kwamba mtumwa wa Unguja na Pemba alikuwa na nafuu.

Umekwama kwa sababu hapo hapana wa kukupinga. Nani darasani atasimama autetee utumwa? Hoja ni neno ambalo mtu mwenye akili anaweza kulikataa, nawe ukamjibu kwa ushahidi. Basi hilo la nafuu lishike, ndilo la kuandikia.

Anza kwa kuwapa haki yao wanaolisema. Kwenye mashamba ya mikarafuu desturi ilikuwa mtumwa kumfanyia bwana kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa zikawa zake. Alipewa kipande cha ardhi apande muhogo, na ziada aliweza kuuza. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, aliutetea utumwa huo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Usimpuuze. Muulize tu aliyaona hayo akiwa wapi, maana binti wa mfalme hakupanda mkarafuu kuchuma.

Kisha uliza kile kipande cha muhogo kilimfaa nani. Mtumwa aliyejilisha mwenyewe alimwondolea bwana gharama ya chakula. Karafuu nayo huchumwa ingali tumba, ikichanua imeharibika. Kwa hiyo msimu ulipofika ilikuwa haraka kubwa, na nokoa na kadamu, nao watumwa vilevile, ndio waliosimamia wenzao.

Sasa vuka uende Malindi, kwenye pwani ya Kenya, mji uliofufuliwa kuanzia 1861 kwa kilimo cha nafaka. Dini ile ile, sheria ile ile, lakini zao ni mtama, na huko watumwa walilima kwa makundi, kazi ikipimwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba alichopimiwa kila mtu. Mimi hapa ndipo naiona hoja yako: nafuu ya Unguja, kadiri ilivyokuwepo, ilitokana na mti wenyewe, ambao haraka yake ni ya msimu tu, na hofu ya bwana kukimbiwa, si huruma yake. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Nyuma ya pwani ya Malindi na Mombasa watoro walijenga vijiji vyao, kama Makongeni na Fuladoyo, wakalima na kujilinda. Waandike kama watu waliokata shauri, wasiwe watu wa kuhurumiwa tu.

Atakayekupinga atakuja na mwaka 1897. Sultani alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, na wengi hawakukimbilia kortini. Atasema: unaona, waliwapenda mabwana zao. Isome amri yenyewe. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuudai uhuru, na akishaupata aonyeshe ana makazi na njia ya kuishi, asije akahesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakupewa hata shina moja la muhogo. Masuria nao waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Mwanamke aliyekuwa na kibanda, mihogo iliyokaribia kuvunwa na watoto wadogo, kwenye ardhi isiyo yake, angekwenda wapi? Aya hii usiipitie mbio. Nakuomba uiandike kwa utulivu kuliko zote, kwa kuwa hao walikaa kimya kwenye majalada, na yanayosemwa juu yao mengi yameandikwa na mabwana, mabalozi na wamisionari. Kila unaponukuu, taja nani anasema na alikuwa na maslahi gani.

Ukurasa wako wa kwanza uondoe. Niandikie hiyo aya ya 1897 kwanza, uitume kabla ya Ijumaa, niisome.

Mzazi wako akupendaye.