Komba wa saa mbili: watoto wa Dar na rekodi za wanyama walio hatarini

Mtoto wa darasa la nne anaandika kwenye daftari: "Komba, mwembe wa uani, saa 2." Mwalimu anapokuja kuingiza taarifa hiyo kwenye iNaturalist, programu ya simu ya kuweka rekodi za viumbe, anaandika 2:00. Komba aliyelia saa mbili usiku, watu wakiwa bado wanakula, sasa amerudishwa nyuma saa 18, hadi saa nane ya usiku uliotangulia. Na hakuna mtaalamu atakayeshtuka, maana saa nane usiku komba naye yuko macho. Ingekuwa ni njiwa, mtu angeuliza.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mtoto majina ya wanyama, mfundishe kuandika 20:00. Sayansi ya wananchi, yaani watu wa kawaida kukusanya taarifa ambazo watafiti wachache hawawezi kuzikusanya peke yao, inasimama juu ya mambo manne: umeona nini, wapi, lini, na nani ameona. Likikosekana moja, hata picha nzuri kiasi gani inabaki kuwa picha tu.

Vifaa ni vichache. Daftari la jalada gumu, penseli (wino wa kalamu huchuruzika kwa jasho na mvua), futi kamba ya fundi cherehani ya sentimita 150, na simu ya mtu mzima mmoja. Programu ya iNaturalist inataka akaunti, na watoto wa chini ya miaka 13 hawapaswi kujifungulia ya kwao. Wao watumie Seek, iliyotengenezwa na watu haohao na haihitaji kujisajili, au mwalimu apandishe rekodi zao kwa akaunti yake. Jina la mtoto na la shule visiandikwe hadharani.

Kuhusu jina la kiumbe, programu hupendekeza, na watoto hulipokea kama Biblia au Msahafu. Mjusi wa ukutani Mbagala anaweza kupewa jina la mjusi wa Marekani. Kama hamna uhakika, ishieni kwenye kundi: andika "kinyonga" au "chura" na uwaachie wengine wathibitishe. Picha tatu humsaidia anayethibitisha kuliko moja: mgongo, ubavu, kichwa. Kuku, paka na mchungwa uliopandwa viwekewe alama kwamba vimefugwa au vimepandwa, la sivyo mnajaza ramani uongo.

Sasa WhatsApp. Watoto wanapiga picha kwa simu za wazazi, wazazi wanazirusha kwenye grupu la darasa, mwalimu anazipakua nyumbani kwake Tabata na kuzipandisha. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora na kuifuta taarifa ya mahali ilipopigwa. Mwalimu asipoweka mahali mwenyewe kwenye ramani, au programu ikichukua mahali alipo yeye, ndege wa Kunduchi ataonekana Tabata. Pandisheni kutoka kwenye simu iliyopiga, au tumeni picha kama faili, si kama picha. Na kabla ya kutoka nyumbani hakikisheni GPS ya simu imewashwa na tarehe yake ni sahihi.

Mkishashika hayo, Dar ina kazi tele.

Komba wafanyiwe kazi kwa sikio. Aina nyingi za komba wadogo zinafanana machoni, hasa gizani, na wataalamu huzitofautisha kwa milio. Komba wa Rondo, mmoja wa walio wadogo kuliko wote na aliye hatarini kutoweka, anajulikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, vikiwemo Pugu na Kazimzumbwi pamoja na Pande. Hatusemi mpeleke watoto msituni usiku. Wanaoishi karibu na misitu hiyo warekodi wakiwa barazani: zimeni redio, elekeza simu kwenye mti, rekodi dakika moja bila kuongea, kisha mtoto ataje tarehe, saa na mtaa mwishoni mwa rekodi hiyohiyo. Tumia programu ya kurekodi sauti, si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao huibana sauti na kupoteza maelezo ya mlio. Msione haya kupeleka mlio wa komba mkubwa anayelia kama mtoto mchanga kwenye miembe ya mitaani. Naye anahesabiwa.

Kasa ni kazi ya alfajiri, na mtu mzima awepo. Wanaotaga kwa kawaida kwenye pwani ya Tanzania ni wawili, kasa wa kijani na ng'amba, kwa hiyo hata mtoto wa miaka tisa anaweza kuwatofautisha kwa nyayo. Kasa wa kijani hujivuta kwa makasia yote mawili ya mbele kwa pamoja, na alama za kushoto na kulia zinakuwa sambamba, kama tairi la trekta. Upana wake unafika karibu mita moja au kuzidi. Ng'amba hutembea kwa kupishanisha, kushoto, kulia, kushoto, na njia yake ni nyembamba, kama sentimita 75 hivi. Lazeni futi kamba kukatiza nyayo, piga picha moja kutoka juu na nyingine kwa mbali ionyeshe njia yote hadi majini. Nendeni kabla maji hayajajaa na kabla wapita njia hawajavuruga.

Halafu msifukue, na msichomeke kijiti cha kuonyesha kiota kilipo. Kijiti hicho ndicho kitakachomwonyesha mwizi wa mayai. Taarifa ipelekwe kwa Sea Sense, shirika linalofuatilia kasa na nguva pamoja na jamii za pwani, si kwenye Instagram. iNaturalist yenyewe huficha mahali halisi pa viumbe wengi walio hatarini, lakini grupu la wazazi halifichi kitu. Mkikuta kakakuona ni hivyo hivyo, tena zaidi.

Ndege wa ufukweni ndio wanaofaa zaidi kwa darasa zima. Ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huanza kufika kwenye matope ya Kunduchi na kwingineko kuanzia Agosti na Septemba, na wengi huondoka kufikia Aprili. Kosa la kawaida ni kwenda maji yakiwa yamekupwa kabisa: ndege wametawanyika mbali, wanaonekana kama nukta. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hapa Dar hukupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Fikeni saa nane mchana. Maji yakipanda yanawasukuma ndege kuelekea kwenu, na shule imetoka. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hazifai sana kwa zoezi hili.

Watoto wawili wawili wahesabu kundi moja bila kuambiana, kwa makumi. Wakitofautiana sana, 60 na 110, warudie. Wakiendelea kutofautiana, ziandikwe zote mbili. Mtoto mkubwa kati yao asiamue. Sehemu ileile, dakika zilezile 20, kila baada ya wiki mbili. Kunguru wa kutoka India, mwenye shingo ya kijivu, naye aandikwe, kando na yule wetu mwenye kifua cheupe, maana hula mayai na makinda ya wengine.

Siku nyingine hamtaona kitu. Mtoto atataka kuchana ukurasa au kuandika ndege wa wiki iliyopita ili asionekane mvivu. Mwambie aandike 0, tarehe, 14:20 hadi 14:40, na hali ya maji.

Kwa visiwa vya Bongoyo na Mbudya kuna kiingilio cha hifadhi ya bahari, na Pugu ulizeni kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kukodi basi.