Maswali yenu: msaada wa sheria upo, ila siku zinakimbia

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dar es Salaam, na karibu zote zinaanza na "sina hela ya wakili". Nimezifupisha na kuondoa majina.

Niliambiwa kuna mawakili wa bure. Nilipofika, kijana mmoja nje ya mahakama akataka elfu hamsini ya kufungulia faili. Hiyo ndiyo bure gani? (Mama lishe, Buguruni)

Mama, huyo umekutana na kishoka. Wamejaa kwenye mageti ya mahakama, wana bahasha mkononi na tai shingoni. Msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hauna malipo. Ada halali ya mahakama ipo, lakini hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, haiwekwi kwenye kiganja cha mtu. Kama huna hata hiyo, unaweza kuiomba mahakama ikusamehe.

Anzia karibu: muulize afisa maendeleo ya jamii akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wa eneo lako. Hawatasimama mahakamani kukutetea, ila watakuandikia barua na kukuonyesha njia. Likihitajika la wakili, wapo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria wanawake TAWLA, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, wote wapo hapa Dar. Nenda na barua ya serikali ya mtaa na kila karatasi uliyonayo, hata iliyolowa mchuzi.

Nimefanya kazi za ndani miaka mitatu. Wiki mbili zilizopita bosi alinifukuza akidai nimeiba simu, na mishahara ya miezi miwili hajanipa. Sina mkataba wa maandishi. (Dada wa kazi, Mbezi)

Mdogo wangu, kwanza kalenda. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ufukuzwe. Madai mengine, kama mishahara, yana siku 60. Wewe umeshatumia 14. Kesho chukua fomu namba moja ya Tume, ambayo hailipiwi, uijaze, nakala umpelekee bosi wako, na uwe na uthibitisho kwamba ameipata.

Kuhusu mkataba, tulia. Kuweka masharti ya kazi kwenye maandishi ni wajibu wa mwajiri. Kama hakuandika, au hana cha kuonyesha, sheria ya ajira ya 2004 inamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Ungekuwa chini ya miezi sita kazini ningekuwa na maneno machache zaidi ya kukupa, maana kinga dhidi ya kuachishwa bila haki haimfikii wa muda huo. Wewe una miaka mitatu. Tafuta miamala ya simu aliyokutumia mshahara, na jirani au mlinzi aliyekuona ukifagia uwanja ule kila asubuhi. Hata akikupeleka polisi kwa hiyo simu, deni la mshahara halifutiki.

Nasisitiza siku kwa sababu nimeona kesi nyingi zikifia kwenye kalenda kuliko kwenye ushahidi. Nilimpokea mtu siku ya 41, kesi yake nzuri kabisa. Siku zote hizo alikuwa anamsubiri bosi apoe hasira. Ipo fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini "nilikuwa nasubiri apoe" si sababu ya kutegemea.

Mdogo wangu wa bodaboda yuko kituoni tangu juzi. Askari anataka laki moja ya dhamana. (Tandika)

Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini anasaini ahadi, hanunui mtu. Nenda na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, umwombe mkuu wa kituo mwenyewe. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, kwa hiyo uliza pia kwa nini siku zimepita. Makosa kama mauaji na wizi wa kutumia silaha hayana dhamana, na hapo kimbilia wakili mara moja.

Tumeishi miaka tisa bila ndoa, tuna watoto wawili. Nyumba tumejenga kwenye kiwanja chake. Sasa ameleta mwingine na ananiambia nitoke na ndoo zangu. (Mbagala)

Dada, huyo bwana anadhani bila cheti huna kitu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakiwatambua kama mume na mke, mnadhaniwa kuwa wanandoa. Mtego mmoja: kama ana ndoa ya kanisani na mwanamke mwingine ambayo haijavunjwa, dhana hiyo inaanguka. Chunguza mapema. Watoto hata hivyo hawaguswi na hilo, matunzo yao yanadaiwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na ofisi ya ustawi wa jamii itakusikiliza bure.

Atasema hukununua hata bati moja. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kusanya risiti, kadi za kliniki na majina ya majirani, na usisaini chochote kwenye kikao cha familia. Kituo Jumuishi cha mashauri ya familia kiko Temeke, si mbali na wewe.

Mimi si mwanasheria, lakini nawaonea huruma hawa watu. Nisaidieje? (Sinza)

Nauli. Siku ya mahakamani ni siku bila kuuza vitumbua, na wengi hukosa tarehe kwa sababu hiyo tu. Mbebee mtoto akiitwa ndani, msomee barua, maana za Kiingereza bado zipo. Ushauri wa "nasikia sheria inasema" uache nyumbani, na simu ya kumpigia picha pia. Na ukimsindikiza beba chai: kesi ya saa tatu huitwa hata saa nane.