Je, Moby-Dick Inastahili Sifa Zake?

Swali: Mhariri, nimeianza riwaya ya Moby-Dick ya Herman Melville mara mbili, na kila nifikapo kwenye maelezo marefu ya aina za nyangumi huiacha. Je, tunaisifu kwa mazoea tu?

Jibu: Ndugu msomaji, hata wasomaji wengi wa mwaka 1851 hawakuichangamkia, na sifa zake zilivuma katika karne ya 20, miaka mingi baada ya mwandishi kufariki mwaka 1891. Iruke sura ya 32, yenye maelezo hayo ya aina za nyangumi, bila haya, kwani kisa cha nahodha Ahab, anayewaangamiza mabaharia wake kwa kulipiza kisasi cha mguu wake mmoja uliokatwa na nyangumi Moby-Dick, hakiitegemei. Hata hivyo, sura ya 96, ambamo mafuta ya nyangumi yanayeyushwa melini usiku, isome polepole. Mimi huirudia kuliko kisa chenyewe.