Kuhusu piza ya mboga upande wa Nyali
Ndugu, umeuliza kama mkahawa ule wa piza bado unamfaa mgeni wako asiyekula nyama. Kwa masikitiko, singekushauri umpeleke. Piza yao ya mboga, ambayo zamani ilitufanya tuvuke daraja kutoka kisiwa cha Mombasa makusudi, sasa huletwa na uyoga wa mkebe na pilipili hoho zilizowekwa mbichi, zikatoa maji yote juu ya unga, hata kipande nilichokiinua kikakunjika katikati na jibini ikateleza ikabaki kwenye sahani. Mboga zenye maji mengi hutakiwa zikaangwe kidogo kwanza, na tanuri liwe na moto mkali. Kule Napoli, Italia, piza huokwa kwa dakika moja hivi katika joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi.

Kilichoniumiza zaidi ni mhudumu kuniambia kwamba za nyama ndizo zinazouzika, na huu ni mji wenye hekalu la Wajaini (waumini wa dini yenye asili ya India wasiokula nyama) pale Langoni, wenye familia nyingi zisizogusa nyama kabisa. Ukilazimika kwenda, agiza Margherita, ile piza ya nyanya na jibini tu, uombe iokwe zaidi. La sivyo, mpeleke kwenye mikahawa ya Kigujarati mjini, ambako mboga hupikwa kwa heshima yake.