Bachi ya kuinstoli ekstensheni za VS Code: ikikwama, ikwamie hapohapo

Kama unajiandikia ekstensheni (viongezo) zako za VS Code, kile kihariri cha kuandikia msimbo, na unatumia Windows, unaijua hii kero: umebadilisha mstari mmoja tu, unarudi kwenye lile dirisha jeusi, npm run compile (kukompaili msimbo), subiri, vsce package (kuufungasha kuwa faili moja la .vsix), subiri tena, halafu code --install-extension na jina refu la faili lenye namba ya vesheni mwishoni, umekosea herufi moja unaanza upya. Kazi hiyo liachie faili la .bat, yaani bachi, faili la amri ambazo Windows inaziendesha moja baada ya nyingine. Wako watakaokwambia bachi ni ya kizamani nenda PowerShell, sawa, ila kwa kazi ya amri nne mfululizo mimi sioni haja, bachi unaibofya mara mbili inaenda, haikuulizi habari za ruhusa ya kuendesha skripti.

Sasa kinachowashika wengi ni hiki. npm (inayosimamia vifurushi vya JavaScript), npx (inayoendesha programu zilizomo kwenye vifurushi hivyo) na ile code unayoandika kwenye dirisha la amri, zote kwenye Windows ni faili za .cmd, yaani nazo ni bachi. Na bachi ikiita bachi nyingine bila kutanguliza neno call, inaikabidhi usukani moja kwa moja na yenyewe hairudi tena. Jamaa mmoja wa kazini aliniletea laptopu anaapa npm yake mbovu, kila akiendesha skripti dirisha linafunguka, linakompaili, linajifunga, faili la .vsix halionekani popote, na hakuna erori hata moja. Npm ilikuwa nzima kabisa. Nilimwekea call kwenye kila mstari, ikapita.

Hii ndo naitumia, nimeipunguza kidogo:

@echo off
setlocal
cd /d "%~dp0"
if not exist node_modules (call npm ci || goto kosa)
call npm run compile || goto kosa
call npx vsce package -o jalizi.vsix || goto kosa
call code --install-extension jalizi.vsix --force || goto kosa
echo Tayari, fanya Reload Window.
pause
exit /b 0
:kosa
echo Imekwama, soma hapo juu.
pause
exit /b 1

Zile || goto kosa usizione kama mapambo. Bila hizo, kompaili ikifeli bachi haijali, inaendelea na mstari unaofuata, inaweza kufungasha yale mafaili ya jana yaliyobaki kwenye folda ya out, inainstoli, inakwambia Tayari, na wewe unakaa saa nzima unajiuliza mbona mabadiliko yako hayaonekani. Heri skripti inayokataa kuliko inayodanganya. Na pause iwepo kote kuwili, maana ukibofya mara mbili bila pause dirisha linapotea kabla hujasoma chochote.

Mstari wa cd /d "%~dp0" maana yake nenda kwenye folda ambayo faili hili la .bat lenyewe lipo, hata kama ni kwenye diski nyingine. Mtu akiendesha kwa Run as administrator, dirisha linaanzia C:\Windows\System32, na huko package.json (faili linaloeleza mradi wako) utaitafuta sana. Ila kwa VS Code huyo administrator hata hahitajiki, ekstensheni zinakaa %USERPROFILE%\.vscode\extensions, yaani kwa mtumiaji husika, kwa hiyo ukiingia na akaunti nyingine ya admin utainstoli vizuri kabisa kwa mtu ambaye sio wewe.

npm ci nimeiweka ndani ya if kwa makusudi, kila ikiendeshwa inafuta node_modules yote (folda ya vifurushi vya mradi) na kuijenga upya, bando lako na muda wako vyote vinaumia. Ukibadilisha vifurushi, futa folda kwa mkono kisha endesha. Halafu hakikisha @vscode/vsce umeiweka kwenye devDependencies (orodha ya vifurushi vya kujengea, ndani ya package.json), usipoiweka npx itaenda kukuvutia ile iliyokuwa inaitwa vsce tu, ambayo ni ya zamani na walishaiacha. Na kama package.json yako ina vscode:prepublish, vsce inaiendesha yenyewe kabla ya kufungasha, basi mstari wa kompaili utoe, unafanya kazi mara mbili bure.

Ikionekana imeganda, soma vizuri, mara nyingi inakuuliza swali: vsce haikuona LICENSE au repository, inasubiri ubonyeze y. Zipo --skip-license na --allow-missing-repository, ila ukiweka tu hivyo vitu ndo imeisha. README nayo ukiiacha ile ya kiolezo haifungashi, itakataa.

Ukianza kuongeza mambo ndani ya mabano ya if, kumbuka cmd (programu inayoendesha bachi) inajaza thamani za %hivi% kabla bloku haijaanza, sio mstari unapofikiwa, ndo maana %ERRORLEVEL% (namba inayoonyesha kama amri iliyopita ilifeli) ndani ya mabano inakupa jibu la kale. Andika if errorlevel 1, au washa enabledelayedexpansion na utumie alama za mshangao. Kama unafanya kazi na watu wa Linux kwenye git moja, weka *.bat text eol=crlf kwenye .gitattributes, mistari ikija na LF tupu (mwisho wa mstari wa Linux) zile goto zinaweza kushindwa kuona lebo yake. Na usilisevu faili kama UTF-8 yenye BOM (baiti za alama mwanzoni mwa faili), @echo off yako itatanguliwa na takataka na cmd itasema haiijui.

Wa Notepad++, kihariri kingine, mambo ni tofauti kidogo, kuanzia 7.6 kila plagini inataka folda yake ndani ya plugins, jina la folda lilingane na la DLL (faili la plagini yenyewe), na ukikopi wakati programu iko wazi Windows itakataa kwa sababu DLL inatumika. Huko ndo administrator anahitajika kweli kama iko Program Files.

Jina la faili weka jenga.bat au lolote unalopenda, ila sio code.bat wala npm.bat, maana cmd inaangalia folda uliyopo kabla ya PATH (orodha ya folda inakotafutia programu), utakuta skripti inajiita yenyewe, inajiita tena, mpaka ubonyeze Ctrl+C.