Chenso kukurukia usoni

Pole sana, kaka. Umesema chenso, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, inakurukia usoni. Kama inakurukia ukipunguza matawi ya mipaini huko Mafinga, angalia ncha yake: sehemu ya juu ikigusa tawi lililojificha, mnyororo unakwama ghafla na mashine inakurudia wewe. Mimi ilinichana koti begani kule Mufindi, pamba zikatoka nje. Toka siku hiyo sikati juu ya usawa wa bega.

Shika kwa mikono miwili, gumba la kushoto lizunguke mpini wa mbele, na simama pembeni kidogo. Kabla ya kazi jaribu breki ya mnyororo. Isiposhika, tafadhali usikate hata kijiti, peleka kwa fundi. Miwani na buti ngumu vaa. Na usiende shambani peke yako.